Mwalimu Asiyeita Majina

Zamani mvuvi wa Rumonge alijulikana kwa jina alilopewa na wenzake wa mtumbwini, akazeeka nalo na kuliliwa nalo. Leo kila mtu ana kadi mfukoni yenye jina lake kamili na picha yake, na jirani anayepakana naye ukuta kwa ukuta hamjui.

Cikuru aliziishi nyakati zote mbili. Watoto aliowafundisha katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha Ubwari, upande wa Kongo, walimkumbuka kwa jambo moja: hakuita majina asubuhi. Walimu wengine walifungua daftari wakaita, na watoto wakaitikia. Yeye alisimama mlangoni, akagusa vichwa mmoja mmoja wakati wanaingia, kisha akaandika idadi ubaoni. Mkaguzi alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba macho yake yamechoka. Alikuwa anadanganya. Asubuhi ukungu ulipoinuka juu ya ziwa, macho hayo yaliona mpaka mstari mweusi wa michikichi ya Rumonge, ng'ambo kule, na ndiyo maana benchi lake la barazani aliliweka likielekea ukutani.

Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Bujumbura, mwaka wa mwisho, na alikuwa amebakiza kitu kimoja tu: memwari, kile kitabu anachoandika mwanafunzi kumalizia masomo yake. Siku hizi memwari hununuliwa tayari karibu na geti la chuo, ina jalada la plastiki, kazi ni kubadilisha jina la mwandishi tu. Wakati ule mtu aliiandika kwa miguu yake.

Alitoka Kabare, kwenye vilima vya juu ya Bukavu. Alipovuka mpaka kuja kusoma, nchi yake iliitwa Kongo. Mwaka wa mwisho akasikia redioni kwamba sasa yeye ni mtu wa Zaire, na miezi michache baadaye kwamba jina lake la ubatizo, Fidèle, limefutwa na serikali. Alipanga chumba katika mtaa wa Buyenzi pamoja na Bahizire, kijana wa kwao aliyesomea sheria, mtu wa mzaha. Bahizire alimwambia kwamba bora yeye amefutiwa jina moja, wengine wamefutiwa mpaka baba. Walicheka, wakala maharage yao, wakarudi kwenye makaratasi. Kila Jumamosi Cikuru aliazima mashine ya kuchapa ya parokia, akaibeba kwenye baiskeli akiwa ameifunga kwa mpira wa tairi, na Jumapili kabla ya misa akairudisha. Kila baada ya miezi mitatu alipanga foleni katika ofisi fulani ya mjini ili kadi yake ya mgeni igongwe mhuri. Memwari ilitakiwa mwezi wa sita. Kama kadi isingegongwa, isingekuwepo memwari. Angerudishwa Kabare na mabegi yake, na mama yake alikuwa ameshawaambia majirani kwamba mwanawe anarudi akiwa msomi mkubwa.

Aliandika juu ya maisha ya wavuvi wa ndagala wa Rumonge tangu uhuru. Ndagala, hao dagaa wa ziwa, huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikijaa, samaki hawaifuati taa, na wavuvi hukaa nchi kavu wiki nzima wakishona nyavu. Basi Cikuru aliacha kufuata kalenda ya chuo akafuata ya mwezi: kila mwezi ulipokaribia kujaa, alipanda kamyo, lori la wachuuzi, akapita Gitaza na Minago akiwa amekaa juu ya vikapu vitupu, akashuka Rumonge akiwa ananuka samaki kabla hajaonana na mvuvi yeyote.

Alifikia kwa mzee Radjabu, Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, mwenye mtumbwi ulioitwa Uhuru. Kwa kweli ilikuwa mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa magogo, na Radjabu aliizindua mwezi wa saba mwaka sitini na mbili, wiki ile ile bendera ilipopandishwa. Rangi ya herufi ilikuwa ikiliwa na maji, na kila mwaka aliipaka upya yeye mwenyewe. Hakumruhusu mwingine kuigusa.

Uhuru ulikuwa na watu sita, na kila mmoja alikuwa na jina la ziwani. Mbele kabisa alikaa Karabai, mwenye taa. Nyuma yake Kimya, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata akiwa na chakula ndani. Kisha Msumari, kisha Nusu, mfupi wao. Kisha Askofu, na mwisho kabisa, kwenye usukani, Kesho, ambaye tangu ujana wake alikuwa anaoa kesho. Majina ya nyumbani hayakutajwa. Wazee wao waliwaambia kwamba maji yana masikio, na mtu ambaye ziwa limesikia jina lake, siku moja ziwa litamwita. Watoto wa leo wanacheka wakisikia hivyo. Wanacheka na kuandika majina yao kwa rangi nyekundu kwenye kila pikipiki.

Cikuru naye alipewa jina siku ya pili. Walimuuliza anachoandika, akajibu memwari. Kimya akasema basi imekwisha, yeye ni Memwari. Akaanza kula nao, akajifunza kushona nyavu vibaya, na Vestine, mke wa Karabai na mama wa mtoto Pascasie, aliyeanika ndagala mchangani, akamwachia kila mara fungu dogo la kwenda nalo Bujumbura. Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, alikuwa mahali ambapo hakuna aliyemwomba kadi.

Mwezi wa tatu mwaka sabini na mbili alimpelekea profesa wake sura ya pili pamoja na orodha ya watu aliozungumza nao: Karabai, Kimya, Msumari, Nusu, Askofu, Kesho. Profesa, Mbelgiji mzee wa kalamu nyekundu, alikata orodha nzima kwa mstari mmoja akaandika pembeni kwamba hayo si majina. Wiki hiyo hiyo Cikuru alikwenda kugongesha kadi. Karani akamwambia kwamba mgeni anayezunguka vijijini akiuliza watu maswali lazima alete orodha ya watu hao: jina kamili, umri, dini, na shule aliyosoma mtu. Cikuru akamwonyesha ile aliyokuwa nayo. Karani akaisoma kwa sauti, akawaita wenzake wa meza ya pili waje wacheke, kisha akamwambia arudi na ya watu wenye akili. Kadi akabaki nayo.

Pasaka ilianguka katika siku za mbalamwezi. Cikuru akateremka Rumonge na kaye mpya, daftari la kuandikia, akawakuta wote sita wamekaa juu ya Uhuru uliovutwa mchangani, kila mmoja mahali pake kama wako majini, wanashona wavu mmoja. Akawaeleza anachotaka. Wakainamia wavu, hata Kimya.

Vestine ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ndagala zake.

"Weye Memwari, jina la mutu mukubwa unataka ulipeleke wapi?"

"Kwa profesa, mama Pascasie. Ni la kitabuni tu."

"Na kitabu kinalala kwa nani?"

"Kinalala kwa profesa, si amesema," Kimya akaingilia. "Muache mutoto amalize masomo. Tukimungoja zaidi ataoa siku moja na Kesho."

Walicheka, na katika kicheko kile Karabai akasimama. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kovu la mafuta ya taa shingoni. Akaweka sindano ya wavu chini, akafuta mikono kwenye kaptura, akasema kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba anaitwa Hubert Ntahondi, umri miaka thelathini na minne, Mkatoliki, miaka minne seminari ndogo. Cikuru alikuwa hajui kwamba mtu yule anajua hata neno moja la Kifaransa. Wenzake nao walikuwa hawajui. Karabai akabaki amesimama baada ya kumaliza, kama anangoja mwalimu amruhusu akae. Na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekuta shati lake la harusi bado linamtosha. Akasema ni miaka kumi na miwili tangu mtu amwite hivyo.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Kimya akatoa lake: Venant Nzobonimpa, darasa la sita. Wengine wakafuata, kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja aliyekuwa amesoma alitaja shule yake kwa fahari, na ambaye hakuwa na shule, Nusu, akasema kwa aibu kwamba yeye ni Swedi, chuo cha Kurani tu. Cikuru aliandika kama walivyokaa, kutoka kwenye taa mpaka kwenye usukani. Hakuna kitabu duniani kinachopanga majina hivyo. Aliona inapendeza.

Bujumbura akachapa orodha kwa karatasi ya kaboni. Nakala ya juu ikaenda kwa profesa. Ya chini ikaenda kwa karani, ambaye hakuisoma. Aliitia kwenye droo, akagonga mhuri, akamtakia Pasaka njema iliyokwisha kupita. Cikuru alitoka pale na kadi yake akajinunulia soda, akainywa amesimama kwenye kivuli.

Mwezi ulijaa tena Ijumaa, tarehe ishirini na nane ya mwezi wa nne, na Cikuru akawa Rumonge. Alikuja kuwasomea sura ya tatu, wamwambie alipokosea. Hakuisoma. Jumamosi jioni waasi waliingia na mapanga, na watu waliokuwa wamekaa mbele ya nyumba zao wakauawa mbele ya nyumba zao. Radjabu alimsukuma Cikuru kwenye chumba cha nyuma cha mashudu ya mawese, akafunga mlango kwa gunia. Baada ya siku chache jeshi likafika, na waliokuwa wamesalimika kwa hawa wakaanza kufa kwa hao, wengi zaidi, siku baada ya siku, mchana kweupe. Mitumbwi ikakatazwa. Mchanga ambao kila mtu aliujua ukiwa mweupe kwa ndagala ukawa mtupu, kunguru wakatembea juu yake.

Wiki mbili zikapita. Mtu wa Zaire alikuwa anashukiwa kabla hajasema, kwa hiyo Cikuru hakutoka ila vichochoroni. Ndipo mchuuzi mmoja aliyetoka Kizuka akamweleza Radjabu namna mambo yanavyokwenda sasa: wanajeshi wanakuja na karatasi, wanaita majina, wanaoitwa wanapanda kamyo, harudi mtu. Akasema wanaitwa waliosoma, eti ndio vichwa vya waasi. Walimu, makarani, wauguzi, hata waliofika seminari wakaacha njiani.

Cikuru aliisikia habari hiyo kutoka chumba cha nyuma. Aliiona droo ya karani kama imefunguliwa mbele yake.

Akamwambia Radjabu kwamba Karabai na wenzake wavuke. Radjabu hakuuliza sababu. Alijibu kwamba Uhuru uko, na Karabai anaweza kuvuka mpaka Ubwari bila taa, anaijua njia kwa harufu ya upepo. Kazi ilikuwa kumshawishi. Cikuru akapita vichochoroni mpaka nyumbani kwake. Karabai alikuwa anamenya muhogo, Vestine ana mtoto wao Pascasie mgongoni.

Akamwambia kwamba huenda iko orodha mahali, na wavuvi waliosoma wamo. Karabai akamsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kwenye kigoda, akasema hakufanya kitu. Jumamosi ile alikuwa anashona wavu, watu wote walimwona. Asiyefanya kitu akikimbia, amejihukumu mwenyewe. Akiitwa, ataenda, ataulizwa, atajibu, atarudi. Aliyasema haya kwa utulivu mkubwa, na kila hoja aliyoleta Cikuru aliiweka kando kama ganda la muhogo.

Vestine akamkata kauli mumewe. Akamtazama Cikuru moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa analifanya.

"Ile karatasi uliyoandika juu ya mutumbwi. Iko wapi?"

Hapo ndipo maisha yote ya Cikuru yalipogeukia, na aliujua mgeuko wenyewe palepale alipokaa. Kama angesema iko kwa serikali, nimeipeleka mimi kwa mkono wangu ili kadi yangu igongwe, Vestine angembeba mumewe mgongoni mpaka majini, mtoto na mume pamoja. Lakini alikuwa amekula ndagala za mwanamke yule miezi kumi. Aliona haya.

"Iko chumbani kwangu, Buyenzi," akasema. "Ndani ya sanduku."

Vestine akapumua. Karabai akacheka kidogo, akamwambia basi aache kuogopesha watu, na siku ya kuitetea hiyo memwari asisahau kuwaita, watakuja wote sita na mashati meupe. Akampa muhogo ampelekee mzee Radjabu.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, wanaume wote wa ufukweni waliitwa kwenye uwanja wenye kuta, karibu na soko. Radjabu akamvika Cikuru kanzu na kofia, akamwambia asiseme neno la Kifaransa wala la Kishi, lugha ya kwao. Wakasimama pamoja chini ya ukuta. Wanawake waliachwa mlangoni. Kamyo lilikuwa ndani tayari, ubao wa nyuma umeshushwa.

Mwanajeshi kijana aliyekuwa na karatasi alianza kusoma.

"Ntahondi Hubert."

Hakuna aliyejibu. Watu walitazamana, na walitazamana kwa kweli, kwa sababu hawakumjua mtu huyo. Miaka kumi na miwili walivua naye, wakazika naye, wakala naye harusini, na uwanja mzima, ukiacha wenzake wa Uhuru, hakuna aliyeweza kumwonyesha kwa kidole. Kama Karabai angetulia tu, jina lile lingepita juu ya vichwa likaenda zake. Cikuru alitazama udongo. Aliomba, na tangu siku ile hakuomba tena.

Mwanajeshi akarudia, kwa sauti ya mwalimu anayeanza kukasirika.

"Prezan," akasema Karabai.

Alilisema neno hilo la Kifaransa, nipo, kama wanafunzi wa mapadri walivyofundishwa, amenyoosha mgongo, mikono ubavuni. Akatoka kwenye mstari akaenda mbele.

"Nzobonimpa Venant."

Kimya akamfuata. Kisha likaitwa jina la Msumari. Kisha Cikuru akangoja jina la Swedi, yule Nusu, na mwanajeshi akaliruka, akaita la Askofu, kisha la Kesho. Taa mpaka usukani. Asiye na shule ameachwa. Kila karatasi nyingine ya serikali, ya kodi, ya parokia, ya ubatizo, ingewapanga kwa herufi au kwa kilima. Ilikuwepo moja tu iliyowapanga walivyokaa.

Mlangoni, kati ya wanawake, Vestine aliyasikia majina yakija kwa mpangilio ule. Siku ya Pasaka alikuwa ameinama karibu nao, aliyasikia yakiandikwa. Akageuza uso taratibu, akamtafuta Cikuru ukutani mpaka akampata. Hakupiga kelele. Angenyoosha mkono tu, mgeni mwenye kanzu ya kuazima angepanda kamyo lile pamoja nao.

Mwanajeshi wa pili aliyeona macho ya Vestine yakisimama pale akamwendea Radjabu, akauliza huyu kijana ni nani.

"Huyu ni Memwari," mzee akajibu. "Mutoto wa dada yangu. Anaanika ndagala."

Mwanajeshi akamgeukia Vestine akamuuliza kama ni kweli.

Vestine alimtazama Cikuru bado. Pascasie alikuwa anavuta kitambaa chake.

"Ndiye Memwari," akasema. "Sote tunamujua."

Akaachwa.

Wale watano walikuwa wa kwanza kupanda, na wakaenda mpaka mbele, penye kabini, wakakaa chini mmoja nyuma ya mwingine kama walivyozoea: Karabai, Kimya, Msumari, kisha pengo la mtu mmoja mfupi, ambalo hakuna aliyewaambia waliache, kisha Askofu na Kesho. Nusu alikuwa amesimama peke yake uwanjani, mkono mmoja kichwani. Wengine wakaitwa, wakapanda, ubao ukainuliwa. Kamyo lilipogeuka kushika barabara ya Minago, Cikuru aliwaona kupitia nafasi za mbao, mara ya mwisho. Karabai alikuwa anatazama mbele. Kimya alikuwa amemgeukia Msumari anamsimulia jambo, mikono yake ikipima kitu hewani, ukubwa wa samaki au wa mtoto, na Msumari alikuwa ameinamisha kichwa ili asikie vizuri.